Ufa Kando ya Kishikio: Uchambuzi wa Tangi la Petroli la Alumini Lililoundwa kwa Mkono Mombasa

Tangi linalochambuliwa hapa ni la alumini, lina ujazo wa takriban lita 45, na liliundwa kwa ajili ya gari dogo la viti viwili ambalo mwenyewe alilijenga nyumbani kwake Mtopanga. Gari hilo ni la mtindo uliotokana na Lotus Seven ya mwaka 1957: chasi ya mabomba ya chuma ya mraba, mwili mwepesi, injini mbele, na nguvu ikipelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Anayejenga gari la namna hii huchukua injini, giaboksi na ekseli kutoka kwa gari la kawaida lililovunjwa, katika kisa hiki Toyota ya zamani yenye injini ya lita 1.6, kisha huviunganisha na chasi aliyoichomelea mwenyewe au aliyoinunua ikiwa seti. Tangi la gari lililovunjwa halikuingia katika nafasi finyu iliyobaki nyuma ya viti, juu ya ekseli, kwa hiyo ilibidi tangi jipya liundwe.

Baada ya miezi kadhaa barabarani, gari lilianza kutoa harufu ya petroli kila lilipoegeshwa, na hatimaye unyevu ukaonekana kwenye pembe ya chini ya kushoto ya tangi. Hapo palikuwa na ufa wa karibu milimita 40, ulioanzia penye mwisho wa mshono wa mojawapo ya vishikio vinne vilivyofunga tangi kwenye chasi. Kila aliyeuona alimlaumu fundi aliyechomelea. Niliombwa kulitazama tangi kabla halijarudishwa kwake, na ninaandika uchambuzi huu kwa sababu ninaamini lawama hiyo haikumstahili. Tangi lile lingechomelewa upya na fundi bora kuliko wote wa pwani hii, kisha likafungwa tena kwa namna ileile, lingepasuka tena mahali palepale.

Kabla ya kufika kwenye sababu, sharti lisemwe jambo la usalama, kwa kuwa hapo ndipo kisa hiki kilipokaribia kuwa msiba. Rai ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kumwaga petroli, kuliacha tangi juani mchana mmoja, kisha kuupiga ufa moto jioni. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye joto la Mombasa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hautoki wenyewe kupitia tundu la juu, bali hulala chini ya tangi. Kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya mvuke katika hewa kinatosha kulipuka, na ndiyo maana tangi linaloitwa tupu ni la hatari zaidi kuliko lililojaa. Jua haliliondolei hatari hiyo. Tangi lililowahi kutiwa petroli huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kwa kurudiarudia, na hata baada ya hapo anayelichomelea hujaza ndani gesi isiyowaka, kama argoni, ili isibaki hewa ya kuuwezesha mvuke uliosalia kuwaka. Mwenye gari alikataa rai ile, na kwa kukataa huko alimlinda fundi aliyekuwa akimlaumu. Kwa kuwa tuliamua kutolirekebisha tangi la kwanza bali kulifungua na kulisoma, hakuna moto wowote uliolikaribia. Lilioshwa, likaachwa na maji ndani, na likakatwa kwa msumeno wa mkono.

Fundi mwenyewe, kijana mwenye mashine ya kuchomelea kwa argoni huko Jomvu, alikuja kulitazama. Hakubisha kwa ukali. Aliniambia, “Mzee, ule mshono nimeupiga kwa mkono wangu. Ukivuja mshono, pesa ya watu nitarudisha, lakini tutazame kwanza umevuja wapi.” Ombi hilo lilikuwa la haki, na ndilo lililoongoza ukaguzi wote.

Kabla ya kulikata tulitumia njia ya zamani ambayo haihitaji chombo chochote cha bei. Mishono yote ilipakwa chokaa kwa nje, ikaachwa ikauke hadi ikawa nyeupe kabisa. Kisha mafuta ya taa yakatiwa ndani, na tangi likageuzwa upande baada ya upande ili kila mshono uloe kwa muda mrefu. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji yangeshindwa, na yakitokeza upande wa pili huacha doa kwenye chokaa. Sanduku lina kingo 12, na kingo zote za tangi hili zilikuwa zimechomelewa, yaani kulikuwa na zaidi ya mita nne na nusu za mshono. Mishono hiyo yote ilibaki nyeupe. Madoa yalitokea mahali pawili tu: kwenye ufa uliojulikana, na kwenye kishikio cha chini cha upande wa kulia, ambapo palikuwa na ufa mwembamba kama unywele ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Nyufa mbili, pande mbili za tangi, zote zikianzia penye mwisho wa mshono wa kishikio: kosa la mkono wa mchomeleaji halijipangi hivyo.

Ufa mkubwa ulipofunguliwa na uso wake kutazamwa kwa kioo cha kukuzia, ulionyesha mistari myembamba iliyopindana, mmoja baada ya mwingine, kama alama ambazo maji huacha mchangani yanapokupwa. Mistari ya aina hiyo ni dalili ya uchovu wa metali. Maana yake ni kwamba ufa haukutokea siku moja kwa pigo moja. Ulisogea kidogo kidogo, kila mara metali iliponyooshwa na kuachiwa. Swali lililobaki likawa ni nini kilichokuwa kikilinyoosha tangi, kwa kuwa shinikizo la petroli halitoshi. Petroli iliyosimama kwa kimo cha sentimita 25 husukuma chini ya tangi kwa nguvu ndogo mno. Injini hii inatumia mfumo wa kupuliza petroli, wenye shinikizo la karibu baa 3, lakini shinikizo hilo liko kwenye bomba baada ya pampu na halimo ndani ya tangi, ambalo limefunguliwa kwa hewa ya nje.

Jibu lilipatikana kwenye chasi. Tangi lilikuwa na vishikio vinne vya pembe vilivyochomelewa moja kwa moja kwenye kuta zake, na kila kishikio kilikazwa kwa bolti ya milimita 8 kwenye bomba la chasi, chuma kwa alumini, bila raba. Tangi likiwa limeondolewa na gari likiwa sakafuni, kiolezo cha ubao chenye matundu manne yaleyale kilikaa vizuri na bolti zote nne ziliingia kwa vidole. Gurudumu moja la nyuma lilipoinuliwa kwa jeki, bolti tatu ziliingia na ya nne ikakataa. Tundu lake lilikuwa limehama kwa karibu milimita 2. Huo ndio mzigo ambao tangi lilikuwa likiubeba. Kila gurudumu moja lilipopanda tuta au kuingia shimoni, chasi ilijipinda, na tangi, ambalo ni sanduku gumu lililofungwa pembe nne, lililazimishwa kujipinda pamoja nayo. Anayeijua njia ya Kisauni hadi Bamburi ajua matuta yake, na hahitaji kuelezwa ni mara ngapi hilo hutokea katika safari moja.

Alumini haivumilii kazi ya namna hii kama chuma. Chuma cha kawaida kina kiwango cha mkazo ambacho chini yake kinaweza kunyooshwa na kuachiwa karibu bila kikomo. Alumini haina kiwango cha namna hiyo, na hata mkazo mdogo ukirudiwa vya kutosha utaanzisha ufa. Ufa huo huanzia mahali ambapo umbo linabadilika ghafla, na hakuna mahali palipobadilika ghafla zaidi kuliko mwisho wa mshono uliobandika kishikio kinene kwenye ukuta mwembamba.

Aina ya alumini iliyotumika ilizidisha tatizo, ingawa haikulianzisha. Bamba la milimita 3 lilinunuliwa kwa muuza vyuma chakavu, na sehemu yake moja ilikuwa bado na chapa ya 6061-T6. Mwenye gari alifurahi, kwa sababu aina hiyo inasifiwa kwa nguvu, na sifa hiyo ni ya kweli maadamu haijaguswa na moto: bamba lake hustahimili takriban megapaskali 310 (megapaskali ni kipimo cha mkazo) kabla ya kukatika. Lakini nguvu hiyo hutokana na kutiwa joto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea huivunja. Kando ya mshono hubaki karibu megapaskali 165. Aina ya 5052, ambayo hutumika sana kwa matangi na huonekana dhaifu kwenye jedwali, hubaki na karibu megapaskali 170 baada ya kuchomelewa, yaani zinalingana. Tena 6061-T6 haikunjiki vizuri. Ikikunjwa kwa pembe kali hupasuka upande wa nje wa mkunjo. Fundi aliliona hilo kwenye jaribio la kwanza, na kwa busara akaacha kukunja na badala yake akakata vipande sita na kuvichomelea kingo kwa kingo. Ndiyo sababu tangi lilikuwa na mishono kumi na miwili.

Rai iliyotolewa mara nyingi zaidi ilikuwa kutengeneza tangi jipya la bamba nene zaidi, la milimita 4 au 5. Inasikika kuwa ya busara, na ingekuwa sahihi kama tangi lingekuwa linabeba mzigo wa uzani unaojulikana. Hapa hali ni tofauti. Chasi hailisukumi tangi kwa nguvu fulani, bali inalilazimisha kusogea kwa umbali fulani, zile milimita 2. Bamba likilazimishwa kujipinda kwa kiasi kilekile, mkazo kwenye uso wake huongezeka kadiri unene unavyoongezeka. Kwa hiyo bamba nene lililofungwa vilevile lingeweza kupata mkazo mkubwa zaidi penye vishikio, na mwenye gari angelipa pesa zaidi ili apate ufa mapema zaidi. Hii ndiyo hoja ninayotaka wajenzi wa magari haya waizingatie kuliko nyingine zote: tangi halipaswi kuwa kiungo cha chasi. Linapaswa kubebwa.

Sehemu mbili nyingine za tangi zilikuwa zimeanza kuharibika, na zote zinahusu bahari. Chini ya ukingo wa nyuma, ili kuzuia kelele, palikuwa pamewekwa kipande cha zulia. Kipande hicho kilinyonya unyevu wenye chumvi na kuushikilia, na chini yake alumini ilikuwa imetoa unga mweupe na vishimo vidogo. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi unaojitengeneza wenyewe mahali penye hewa. Ikifunikwa na kitu kinacholowa na kisichokauka, chumvi huuvunja utando huo na hakuna hewa ya kuujenga upya. Mahali pa pili ni kiungio cha bomba la petroli, ambacho kilikuwa cha shaba na kilikuwa kimeskrubiwa moja kwa moja kwenye ukuta. Shaba na alumini zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika, na nyuzi za skrubu zilikuwa zimejaa unga uleule mweupe. Gari linalokaa bara lingeweza kuishi na makosa haya kwa miaka mingi, lakini hapa, hasa katika miezi ya kusi, uharibifu wake haukawii.

Je, ingekuwa heri kuacha alumini na kutumia chuma? Nililipima swali hili kwa uzito. Sanduku la sentimita 60 kwa 30 kwa 25 lina kuta za mita za mraba 0.81; kwa bamba la alumini la milimita 3 uzani wake ni karibu kilo 6.5, na kwa bamba la chuma la milimita 1.5 ni karibu kilo 9.5. Tofauti ya kilo 3 si kitu cha kumfanya mtu ahangaike, na wachomeleaji wa chuma wapo kila mtaa. Kilichoamua ni kutu: chuma hapa huoza kwa ndani kutokana na maji yanayojikusanya chini ya petroli, na kutu hiyo huziba chujio na kuua pampu. Mtu aliye tayari kulipaka tangi la chuma rangi inayostahimili petroli ndani na nje angeweza kuchagua chuma bila kulaumiwa nami.

Tangi la pili lilitengenezwa kwa alumini ya 5083, vipande vilivyobaki kwenye karakana ya mashua Mtwapa, vikiwa na chapa ya kiwanda juu yake. Ni faida ya kuishi pwani: aina hii ni ya vyombo vya baharini, na inabaki na karibu megapaskali 275 baada ya kuchomelewa. Kuta nne zilikunjwa kutoka bamba moja, kwenye bomba lenye mviringo wa kutosha ili pembe zisiwe kali, na mshono pekee wa ukanda huo ukawekwa juu, mahali ambapo petroli haikai. Mishono mingine ilikuwa ya vifuniko viwili vya pembeni. Ndani viliwekwa vizuizi viwili vya kuvunja mawimbi, vyenye nafasi kwenye pembe za chini ili petroli ipite polepole, na matundu juu ili hewa ipite. Tangi la kwanza halikuwa na vizuizi hivyo. Likiwa nusu, zaidi ya kilo 16 za petroli zilikuwa zikigonga ukuta kila breki ilipokanyagwa, na pampu ilikuwa ikivuta hewa kwenye kona ndefu. Viungio vyote vilitengenezwa kwa vipande vinene vya alumini vilivyochomelewa ukutani, na humo vikaingizwa viungio vya alumini badala ya shaba.

Fundi ni yuleyule. Alichobadilisha ni maandalizi, na hapa ndipo hali ya hewa yetu inapotaka uangalifu wa pekee. Vitundu vidogo ndani ya mshono wa alumini hutokana hasa na haidrojeni, na haidrojeni hutokana na maji na grisi. Bamba lililolala usiku kwenye hewa nzito ya Mombasa lina unyevu hata kama mkono hauuhisi. Kwa hiyo kila ukingo ulipanguswa kwa asetoni, ukasuguliwa kwa brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, ukapashwa moto kidogo ili ukauke, na ukachomelewa papo hapo. Kusugua huko huondoa pia oksidi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000 wakati alumini iliyo chini yake huyeyuka kwenye nyuzi 660; isipoondolewa, fundi huona metali inaporomoka kabla haijaungana.

Kwa kulijaribu, tangi lilijazwa maji, na mpira wenye maji ukainuliwa mita 2 juu yake. Kimo hicho hutoa shinikizo la karibu baa 0.2, linalotosha. Sikuruhusu mashine ya upepo ya kujazia magurudumu itumike. Ukuta mkubwa wa tangi hili una mita za mraba 0.18, kwa baa 0.2 pekee unasukumwa kwa nguvu sawa na uzani wa kilo 360, na kwa baa 1 kwa nguvu ya zaidi ya tani moja na nusu. Maji yakipata upenyo hudondoka. Hewa iliyobanwa hupasua. Chokaa kwenye mishono ilibaki kavu.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha kisa hiki. Tangi jipya halina kishikio hata kimoja kilichochomelewa juu yake. Linakaa kwenye kitanda cha vyuma vya pembe kilichochomelewa kwenye chasi, juu ya vipande vya raba ya neopreni isiyonyonya maji, na linashikwa na mikanda miwili ya chuma kisichoshika kutu yenye raba hiyohiyo chini yake. Kitanda kina matundu ya kutolea maji. Chasi ikijipinda, raba ndiyo inayobanwa, na tangi hubaki na umbo lake. Mikanda ilichaguliwa kwa kuzingatia ajali: tangi lililojaa lina karibu kilo 40, na likisimamishwa kwa nguvu mara 20 ya mvuto wa dunia huvuta kama mzigo wa kilo 800, kwa hiyo mikanda ya kufungia mabomba ya maji haifai hapa hata kidogo.

Raba ilileta suala jipya. Tangi lililobebwa juu yake limetengwa na chasi kiumeme, na petroli inayomiminwa huzalisha umeme tuli ambao hauna njia ya kutokea. Waya uliunganishwa kutoka shingo ya kujazia hadi kwenye tangi, na kutoka kwenye tangi hadi kwenye chasi. Waya huohuo ndio unaokamilisha mkondo wa boya la kupimia mafuta. Usipokuwepo, mshale wa kipimo hausemi kweli. Bomba la kupumulia linatoka juu ya tangi, linapanda kupita kimo cha shingo, kisha linashuka hadi chini ya sakafu mbali na bomba la moshi, na lina vali ya kujifunga gari likipinduka. Hakuna anayelijaza tangi hadi ukingoni: petroli iliyotoka kwenye tangi la chini ya ardhi la kituo hupata joto juani, na lita 45 zikipata nyuzi 15 zaidi huongezeka kwa zaidi ya nusu lita.

Raba mpya hukaa na kulegeza mikanda, kwa hiyo ilikazwa tena baada ya safari za mwanzo. Makubaliano na mwenye gari ni kwamba kila mwaka, mvua za kusi zikiisha, mikanda inafunguliwa, tangi linainuliwa, na alumini iliyo chini ya raba inaoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukaguliwa kwa mwanga wa tochi, hasa kwenye kingo za raba, ambako unga mweupe huanza kuonekana kabla ya mahali pengine.